Jezi ya Thelathini na Saba

Hatukufua dafu.
Basi limerudi saa saba usiku, likazima injini nyuma ya ukumbi wa mazoezi,
vijana wakashuka mmoja mmoja bila kuitana,
wakaniachia magunia mlangoni.
Kufua ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na sita
nakifulia chuo hiki kilichozungukwa na mahindi ya Nebraska,
nimefua ushindi, nimefua vipigo,
na sabuni ni ileile.

Ishirini na nne kwa ishirini na tatu.
Pointi moja! Na hadi mapumziko tuliongoza kwa kumi na sita.
Jana mchana nilisikiliza redioni nikikunja taulo.
Mtangazaji wetu, Lowell Petrak, ambaye hupayuka hata mpira ukitoka nje,
alinyamaza muda wa kutosha
mimi kuisikia mashine ya tatu ikisuuza.
Ndipo nikajua.

Madoa husema.
Hii ya Kolby Hruska, wa mstari wa mbele:
nyasi begani, damu kiwikoni, tope la upande wa kusini
ambako wenyeji hawajaziba bomba lao.
Hii ya Marquel Stubbs, mrushaji: mgongo mzima kijani.
Aliangushwa mara saba. Redio ilisema tano.
Naloweka. Nasugua. Nabadili maji.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki;
mimi huyamwaga kila Jumapili kabla ya alfajiri
na sijawahi kutamani kuyazoa.

Halafu, chini kabisa ya gunia la mwisho,
imekunjwa kama nguo ya dukani,
thelathini na saba. Ya Emmett Vrbka, mpiga teke.
Nyeupe pe.
Hakuna aliyemgusa. Hakuanguka.
Alisimama yadi thelathini na moja kutoka kwenye nguzo,
sekunde nne zimebaki, upepo wa Oktoba ukitoka kushoto,
akaupiga kama anavyoupiga kila siku mazoezini,
na mpira ukaenda, ukaenda, ukagonga nguzo ya kulia
ukarudi uwanjani kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nimeigeuza jezi ndani nje
nikitafuta cha kusugua.

Saa nane Kocha Dunleavy amekuja na kahawa isiyo na mvuke,
akatazama mashine zikizunguka
kama mtu anayetazama televisheni.
“Zimebaki nne,” akasema.
Wexler hapa nyumbani. Saint Aldric kwao.
Platte Bend, ambao hawajafungwa tangu msimu uanze.
Na Thornbury ya mwisho, theluji ikituwahi au isituwahi.
Tumeshinda mbili, tumepoteza nne.
Akaanza hesabu: tukizichukua zote… tukichukua tatu…
Alipofika mbili akanywa kahawa.

Mimi si mtabiri. Najua nguo.
Goti la Stubbs sasa linavaa bandeji mbili.
Hruska anahitimu Mei, anarudi kulima na baba yake.
Wale wa mwaka wa kwanza jezi bado zinawapwaya,
ila wiki hii moja imerudi imechanika kwapani,
ya kijana aitwaye Osgood, ambaye hata sura yake siikumbuki,
na nimeufurahia mchaniko ule, Mungu anisamehe.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, watasema kesho kanisani
wakila keki.
Hawajui taa ya ghorofa ya pili bwenini,
ile ninayoiona kutoka hapa kwenye sinki,
haijazimwa tangu basi lifike.

Saa kumi na moja nimezianika ndani; nje nyasi zimeganda.
Ya thelathini na saba nimeifua pia.
Sikuitenga. Nimeitia mashine moja na ya Hruska, na ya Stubbs,
maji ya moto, kinyume cha kila nilichofundishwa,
ikatoka na kivuli cha kijani kwenye ukosi.
Nimekiacha.
Jumatatu akikute.